Kiwanda kimehamishia kazi nje ya nchi: jinsi ya kupata pesa ya kuishi ukiwa Marekani

Hii nawaandikia ndugu zetu walioko Marekani, hasa wanaofanya kazi viwandani kule Louisville, Grand Rapids, Des Moines, Dayton na miji mingine ya namna hiyo, ambao siku moja shifti inaisha wanaitwa kantini wanaambiwa kazi inahamia Mexico au China, au kampani imeshindwa bei na mali zinazoingia kutoka nje. Wengi wetu tumetoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali, tukafika hapa tukapewa kazi ya kwanza kiwandani na hakuna mtu aliyetukalisha chini akatueleza kazi ikiisha inakuwaje. Basi mtu anapigwa leofu, yaani kazi inaisha bila kosa lake, anarudi nyumbani, anakaa wiki tatu nne anatafuta kazi nyingine kimya kimya, anaona haya kwenda kuomba, na zile wiki alizokaa kimya mara nyingi halipwi tena, zimeenda.

Kuna mambo mawili yanachanganywa sana, TAA na pesa ya kawaida ya kukosa kazi (unemployment), kwa hiyo nianze nayo, alafu tuingie kwenye hatua zenyewe.

TAA ni nini na kwa nini wanakwambia imefungwa

Pengine mzee fulani wa kiwandani, wale waliokaa miaka mingi, atakwambia "ngoja pesa za TAA, mimi nililipwa karibu miaka miwili na nikasomeshwa". Hadanganyi. TAA (Trade Adjustment Assistance) ni mpango wa serikali kuu wa kusaidia waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara na nchi za nje, ulianza 1962 wakati wa Rais Kennedy, ukapanuliwa na sheria ya biashara ya 1974, na wazo lake mimi naliona la haki kabisa: nchi nzima inafaidi bei nafuu za vitu vya nje ila anayebeba mzigo ni mfanyakazi wa kiwanda kimoja kwenye mji mmoja, kwa hiyo nchi imshike mkono. Mfano unaojulikana ni Greenville, Michigan, sio mbali na Grand Rapids. Mwaka 2006 Electrolux walifunga kiwanda chao cha mafriji pale, watu kama 2,700 wakabaki bila kazi, utengenezaji ukaenda Juárez, Mexico. Mpango wa TAA ulitungwa kwa ajili ya watu wa hali hiyo.

Ndani ya TAA kulikuwa na pesa ya kila wiki inaitwa TRA. Ilikuwa inaanza pale pesa ya kawaida ya kukosa kazi inapoisha, na kiwango chake kwa wiki ni kilekile ulichokuwa unapata. Kwa sheria ya 2015 ukijumlisha zote, ile ya kukosa kazi pamoja na TRA, mtu aliyekuwa shuleni kwenye masomo yaliyokubaliwa aliweza kufika wiki 130. Na masomo yenyewe yalikuwa yanalipiwa, mpaka darasa la Kiingereza lilihesabika kama sehemu ya masomo. Kwa sisi hapo ndo palikuwa na utajiri.

Tatizo ni kwamba sheria iliisha muda na Congress haikuiongeza. Tangu 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi hairuhusiwi kupokea maombi mapya wala kutoa uamuzi kwa maombi yaliyokuwa yanasubiri. Kwa hiyo kama leofu yako ni ya juzi, usikae ukisubiri TAA, na mtu akikwambia umlipe hela akujazie fomu ya TAA mpya huyo ni tapeli, mkimbie. Mpaka Congress ipitishe sheria nyingine mlango huo umefungwa. Mimi inaniuma sana, sababu viwanda havijaacha kuhama na watu hawajaacha kupoteza kazi, na kilichoondolewa ni ule msaada peke yake.

Ila kuna kundi dogo ambalo bado lina haki: kama kampani yako ilikuwa imeshapata cheti cha TAA, na wewe ulipoteza kazi au ulishakuwa kwenye hatari ya kuipoteza kufikia 30 Juni 2022, unaweza kuwa bado umo ndani. Hasa kama ulishaanza masomo. Nenda American Job Center, ofisi ya kusaidia wanaotafuta kazi, uulize "kampani hii ina namba ya TA-W?" (ndo namba ya faili la TAA la kampani) na uwatajie jina la kampani na mji wa kiwanda. Usijiondoe mwenyewe eti sababu ulikuwa wa ajensi, yaani kampani inayokuajiri na kukupeleka kufanya kazi kiwandani, vyeti vingi viliandikwa vikiwataja na wafanyakazi wa ajensi waliokuwa wanafanya kazi ndani ya kiwanda hichohicho. Waliokuwa na miaka 50 na zaidi kulikuwa na kitu kingine kinaitwa RTAA: ukipata kazi mpya yenye mshahara mdogo kuliko wa zamani na hauzidi dola 50,000 kwa mwaka, unalipwa nusu ya ile tofauti kwa miaka miwili mpaka ifike dola 10,000. Yaani ulikuwa unapata 40,000 sasa unapata 30,000, tofauti ni 10,000, wanakupa 5,000 kwa mwaka. Kila kitu hapa kina tarehe ya mwisho na nyingi zimeshapita, lakini kuuliza ni bure.

Wengine wote twende kwenye hatua.

Hatua ya 1: kabla hujatoka getini

Usisaini barua ya kuacha kazi. Narudia, usisaini barua yoyote inayosema wewe umeamua kuondoka, hata supavaiza akiwa mpole vipi na akisema ni utaratibu tu. Pesa ya kukosa kazi ni ya mtu ambaye kazi imeisha bila kosa lake, ukiandika umeacha mwenyewe umejifungia mlango.

Omba barua ya leofu yenye tarehe na sababu. Piga picha tangazo likibandikwa ukutani. Kusanya stabu zako za mshahara, za miezi 18 iliyopita kama unazo, pamoja na W-2 (karatasi ya mshahara wa mwaka mzima), na kama stabu zipo kwenye app ya kampani zidaunilodi leo hii maana ukishatoka akaunti inafungwa na hutaingia tena.

Kuna sheria inaitwa WARN, ya 1988. Kampani yenye wafanyakazi 100 au zaidi ikifunga kiwanda na watu 50 au zaidi wakapoteza kazi inatakiwa itoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla. Kama walikwambia Ijumaa kwamba Jumatatu usije, kuna uwezekano wanadaiwa mshahara na mafao ya zile siku, mpaka siku 60. Sheria hii Wizara ya Kazi haiisimamii kwa niaba yako, ni mambo ya mahakamani, kwa hiyo mnaungana wengi mnatafuta wakili au mnakwenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria ambayo haitozi. Baadhi ya majimbo yana sheria kali zaidi, mfano Iowa inagusa hata kampani ya watu 25 na taarifa yake ni siku 30.

Kuhusu pesa ya kuagwa (severance), sheria ya serikali kuu hailazimishi kampani kukupa. Wakikupa, kawaida wanaleta karatasi ya kusaini kwamba hutawashtaki. Kama una miaka 40 au zaidi na mnatolewa kwa kundi, na kwenye hiyo karatasi wanataka uachie haki yako ya kushtaki kwa kubaguliwa umri, lazima wakupe siku 45 za kufikiria, na hata ukishasaini una siku 7 za kubadili mawazo. Kwa hiyo usikubali kusaini palepale mezani na foleni iko nyuma yako, chukua nyumbani, tafuta mtu akusomee neno kwa neno.

Hatua ya 2: omba pesa ya kukosa kazi wiki hiyohiyo

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ndo sababu ya kuandika haya yote. Maombi yako kawaida yanaanza kuhesabiwa Jumapili ya wiki uliyoomba, sio siku uliyotolewa kazini. Ukichelewa wiki nne, wiki nne hizo umezitoa sadaka. Majimbo mengi pia wiki ya kwanza hailipwi, ni ya kusubiri, kwa hiyo ndo uianze mapema.

Unaomba kwenye jimbo ulilofanyia kazi, sio unakolala. Kuna watu wanaishi Jeffersonville upande wa Indiana na kazi iko Louisville, hao wanaomba Kentucky. Ukiwa umefanya majimbo mawili waambie, mishahara inaweza kuunganishwa.

Andaa namba ya Social Security, kitambulisho, grinikadi au kibali cha kazi, majina na anwani za waajiri wote wa miezi 18 iliyopita, tarehe ya kuanza na kuacha, na akaunti ya benki. Wanaangalia mishahara ya robo nne za mwaka kati ya tano za mwisho zilizokamilika, kwa hiyo mtu aliyefika Marekani juzi tu akafanya kazi miezi mitatu huenda asifikishe kiwango, lakini aombe hivyohivyo, kazi ya kukataa ni yao sio yake. Kibali cha kazi kiwe hai kipindi ulichofanya kazi na pia kipindi unachodai, kama kinakaribia kuisha shughulikia kuongeza sasa hivi. Na ile hofu kwamba ukichukua hii pesa grinikadi itakataliwa, iweke pembeni, haihesabiki kama msaada wa maskini. Ni bima ambayo mwajiri wako alikuwa anailipia kodi kila ukifanya kazi.

Pale wanapouliza kwa nini umeacha kazi chagua leofu, yaani kazi imekwisha. Usichague kufukuzwa, usichague kuacha. Watu wengi wanabonyeza kitu cha kwanza wanachokiona alafu inakuwa kesi ya miezi.

Mkalimani ni bure. Ofisi hizi zinatumia pesa za serikali kuu na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inawabana wasimbague mtu kwa asili yake, na lugha imo. Ukipiga simu sema "Swahili interpreter please" na usubiri, hata ikichukua dakika kumi na tano. Nawaomba wazazi msimtumie mtoto wa darasa la sita kujaza hii fomu. Mtoto anajua Kiingereza lakini hajui mambo ya kazi, na kosa likitokea deni linakuja kwa jina lako.

Wale wa ajensi msikilize vizuri: mwajiri wako kisheria ni ajensi, sio kiwanda. Kiwanda kikikurudisha, majimbo mengi yanataka uiarifu ajensi kwamba uko tayari kwa kazi nyingine, usipofanya hivyo wanahesabu umeacha mwenyewe. Iowa wanakupa siku tatu tu za kazi. Tuma meseji au imeili ili ubaki na ushahidi, simu peke yake haitoshi.

Hatua ya 3: kila wiki unadai tena

Kukubaliwa sio mwisho. Kila wiki (majimbo mengine kila wiki mbili) lazima uingie onlaini au upige simu ujibu maswali, ukisahau hulipwi. Weka alamu kwenye simu.

Swali linalowaangusha watu wetu ni lile la kama uliweza kufanya kazi wiki hiyo. Hawaulizi kama ulifanya kazi. Wanauliza hivi: ungeitwa leo, afya yako na nafasi yako vinaruhusu? Kama ndio jibu ndio. Nimeona mama wa watu anajibu hapana wiki baada ya wiki sababu anajua hakufanya kazi, na kumbe anajinyima.

Ukipata kibarua cha siku mbili, hata cha kusafisha ofisi, kitaje. Andika pesa yote kabla ya makato na uiandike kwenye wiki uliyofanya kazi, sio wiki uliyolipwa. Ukificha watakuja kukuta kwenye mfumo na watataka uirudishe yote na faini juu. Pia weka daftari la kutafuta kazi: tarehe, jina la kampani, kazi gani, uliomba kwa njia gani. Idadi wanayotaka kwa wiki inatofautiana, soma barua yako.

Muda wa kulipwa ndo usiige wa ndugu yako wa jimbo lingine. Majimbo mengi ni mpaka wiki 26, ila Florida na North Carolina ni 12 tu wakati uchumi uko vizuri, Kentucky inapanda na kushuka kati ya 12 na 24. Iowa ni 16, lakini kama mwajiri amefunga kabisa biashara pale ulipokuwa unafanyia kazi inaweza kufika 26, na hiyo ya kufungwa haiji yenyewe, hakikisha wameandika kwenye faili lako kwamba kiwanda kimefungwa. Kwa mtu ambaye kazi yake imehamishwa nje ya nchi, hapo kuna tofauti ya wiki kumi za kodi ya nyumba.

Hatua ya 4: bima ya afya na pensheni

Bima ya kampani ikiisha una siku 60 za kuchagua COBRA, ambayo kawaida inakuweka kwenye bima ileile mpaka miezi 18 ila unalipa mwenyewe bei yote na asilimia 2 juu, kwa familia ni pesa nyingi mno. Kabla hujachukua angalia Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) kwa ajili ya watoto na soko la bima la serikali, huko nako una siku 60 tangu upoteze bima. Anayetumia dawa kila siku asingoje hata siku kumi.

401(k), yaani akiba yako ya pensheni ya kazini, usiivunje kama unaweza kuvumilia. Chini ya miaka 59 na nusu kwa kawaida unalipa kodi yake na faini ya asilimia 10, na wakikupa mkononi wanakata asilimia 20 kwanza. Ihamishe kwenye akaunti nyingine ya pensheni. Najua presha iko wapi, simu kutoka Bukavu au Uvira haijui kwamba kiwanda kimefungwa. Waambie nyumbani mapema, wiki ya kwanza, kwamba pesa itapungua. Ni maongezi magumu lakini yatakuwa magumu zaidi ukishamaliza akiba.

Hatua ya 5: masomo bila TAA

TAA haipo lakini American Job Center bado wana pesa za mafunzo kwa waliopoteza kazi kwa kufungwa viwanda, mwambie mtu wa mapokezi "dislocated worker" na ataelewa. Sio nono kama TAA na huwa zinaisha, kwa hiyo nenda mapema. Zinaweza kulipia udereva wa malori makubwa, uchomeleaji, unesi msaidizi, kozi zilizo kwenye orodha ya jimbo. Vijana wa kiume mliofika hapa mkiwa na umri kati ya 18 na 25, mtaulizwa kama mlijiandikisha Selective Service (orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini), tafuta ushahidi wako kabla ya kwenda. Aliyefika akiwa ameshafika 26 hahusiki.

Jambo la kuangalia: usianze shule ya mchana bila kuwaambia watu wa pesa ya kukosa kazi. Wakiona uko darasani siku nzima watasema hauko tayari kwa kazi na watakata. Omba kwanza shule yako ipitishwe kama mafunzo yaliyokubaliwa, ikipitishwa kawaida wanakuondolea na sharti la kutafuta kazi kila wiki. Upate hiyo ruhusa kwa maandishi.

Kampani ikiwa kubwa jimbo huwa linatuma timu ya kuwaelezea wafanyakazi kabla ya kufungwa. Mkiwa Waswahili kumi kwenye laini muwaombe mkalimani aje siku hiyo. Wasipoombwa hawaleti.

Hatua ya 6: wakikataa, kata rufaa, na usiache kudai

Barua ya kukataa inatisha lakini watu wengi wanashinda rufaa. Muda ndo mfupi, na unaanza na tarehe iliyoandikwa kwenye barua wala sio siku uliyoifungua: Iowa siku 10, Texas 14, Ohio 21, Michigan 30. Kwa hiyo angalia sanduku la posta kila siku na pia ule ukurasa wako wa onlaini sababu barua nyingine zinawekwa huko tu. Rufaa yenyewe inatosha sentensi mbili: sikubali uamuzi wa tarehe fulani, nilitolewa kazini kwa sababu kiwanda kilifungwa, naomba kusikilizwa kwa mkalimani wa Kiswahili. Sema kama ni Kiswahili cha Congo unachoelewa vizuri, ni haki yako kumwelewa mtu anayekusemea.

Wakati unasubiri endelea kudai kila wiki kama kawaida. Ukishinda wanakulipa nyuma zile wiki ulizodai tu, ulizoruka hawalipi.

Kusikilizwa mara nyingi ni kwa simu. Jimbo lingine wanakupigia wenyewe, lingine unatakiwa wewe upige namba iliyo kwenye barua saa ileile, na mtu asipotokea kesi inaweza kufungwa bila yeye kusema neno. Siku hiyo kaa sehemu tulivu, simu ina chaji, pokea hata namba usiyoijua, na uwe umetuma mapema ile picha ya tangazo, barua ya leofu na meseji ulizowaandikia ajensi, maana jaji anaangalia yaliyo kwenye faili na yale utakayomwambia kwa mdomo wako, ulichobakisha nyumbani hakioni.